Manesi wenzangu, tupeane uzoefu: dawa gani ya moyo humpi mgonjwa bila kuangalia mara mbili?

Poleni na zamu, wadau. Digoksini (ya kupunguza kasi ya moyo), warfarini na heparini (za kuzuia damu kuganda), potasiamu (chumvi inayogusa mapigo ya moyo): nadharia tulishafanyia mtihani. Nataka unachofanya wewe saa nane usiku, wodi imejaa, mko wawili.

Naanza. Digoksini sitoi bila kusikiliza moyo wenyewe kifuani, dakika nzima. Wengi wanaoitumia mapigo yao yana vurugu na mengine hayafiki mkononi, kwa hiyo kushika kifundo cha mkono sekunde 15 ni kujidanganya. Mapigo ya mtu mzima yakiwa chini ya 60 kwa dakika, nazuia dozi, napiga simu kwa daktari. Mama mmoja alikuwa na mapigo 48, uji kaukataa, anasema shuka zina umanjano. Kufungua faili: furosemidi (dawa ya kukojosha) kwa muda mrefu, potasiamu haijapimwa. Ilipopimwa ikakutwa 2.9, iko chini. Potasiamu ikishatoka na mkojo, dozi ileile ya digoksini inageuka sumu.

Jibu: Dada umenigusa. Kwetu potasiamu ya kuchoma ilikaa trei moja na maji ya sindano, zote plastiki, zote mililita 10. Mwenzangu alishakata kichwa cha kichupa cha potasiamu achanganyie antibayotiki, nikamwambia hebu soma tena. Ile ya asilimia 15 ina milimoli 20. Ukiisukuma mshipani moja kwa moja, moyo unasimama. Siku hizi iko kabatini, funguo anayo msimamizi wa zamu. Na ukiitia kwenye dripu, pindua chupa mara kadhaa kabla ya kuitundika, la sivyo inatuama chini na mgonjwa anaanza na ile kali.

Jibu: Mimi niko kliniki ya waliobadilishwa vali za moyo. Siulizi "unameza warfarini?", wote wanasema ndiyo. Nasema nionyeshe. Mzee mmoja akatoa bahasha moja yenye vidonge vya miligramu 5 na vya 1, anameza kinachotangulia mkononi! Mwingine INR (kipimo cha damu kuchelewa kuganda) ilipaa, kumbe alijinunulia metronidazoli dukani, antibayotiki inayoipa warfarini nguvu zaidi. Mchicha una vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini; hatumkatazi mtu, ila ale kwa kiasi kisichoyumba.

Jibu: Heparini: andikeni "yuniti" kwa kirefu. Ile U ya haraka inasomeka sifuri, 5000 inakuwa 50000.

Mleta mada: Hiyo ya U naipeleka kwenye kikao cha wodi. Wa wodi ya watoto mko wapi? Digoksini ya maji, ile nukta ya desimali mnaihakiki vipi mkiwa peke yenu?