Mrejesho: yule kitwitwi wa Sabaki

Wakuu, ahsanteni. Wiki mbili zilizopita niliuliza kama kitwitwi (ndege wa ufukweni) mwenye madoa ya dhahabu niliyempiga picha kwenye mlango wa mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, ni yule wa Marekani aliyepotea njia. Siye. Ni wa Pasifiki, anayezaliana Siberia na Alaska, na huku pwani hufika kukimbia baridi ya kwao.

Kilichoniumbua ni bawa. Mmoja wenu alinitaka nihesabu ncha za manyoya marefu zinazochomoza kwenye bawa lililokunjwa: wa Marekani huonyesha nne au tano, wangu tatu. Nikaivuta karibu picha aliyoruka, vidole vya miguu hivyo, vimepita mkia! Wa Marekani havipiti. Kitwitwi wa kijivu naye tumemtoa mapema, maana yeye kwapa ni jeusi tii.

Fomu ya kuripoti ndege adimu nilikuwa nimeshaijaza ukurasa mzima (aibu kidogo), nimeifuta. Nilimpa jina kwanza, ndipo nikamtazama. Picha zote saba ninazo bado, hata ile yenye ukungu niliyotaka kuitupa. Ndiyo iliyoonyesha vidole.