Ngazi ya makopo, viroba au matuta? Nataka watoto waanze kulima mboga

Mama Wawili: Habarini wapendwa. Likizo hii nataka wanangu wajifunze kulima mboga hapa nyumbani. Kuna fundi ananiuzia ngazi ya mbao yenye makopo ya kuoteshea, 150,000, anasema inabeba miche 40. Mume anaona ni kutupa hela, tujaze viroba udongo basi. Dada yangu kang'ang'ania matuta. Nichukue ipi? Fundi anataka advansi Jumamosi.

Mzee wa Matembele: Uko wapi? Uwanja mkubwa kiasi gani, jua linapiga muda gani, maji ya bomba au kisima? Watoto wa umri gani? Unauliza bei ya ng'ombe, ng'ombe mwenyewe umemficha ndani.

Mama Wawili: Samahani mkuu. Kigamboni, nyumba ya kupanga. Uwanja ni wa kuegesha magari mawili, jua asubuhi mpaka kama saa saba. Mkubwa ana miaka 9, mdogo 4.

Rahma_tz: Nyumba ya kupanga? Matuta sahau, utamlimia mwenye nyumba. Viroba unahama navyo. Na makopo ya ngazi ni madogo, kwa joto la Dar udongo unakauka upesi, jioni unakuta mchicha umelala.

GuniaKE: Huku Nairobi ni gunia. Chukua kopo lisilo na kitako, lisimamishe katikati, lijaze kokoto, zungushia udongo na samadi, kisha livute juu ujaze tena mpaka gunia lijae. Maji yanapita kwenye mawe hadi chini. Toboa mbavuni upande sukuma wiki. Ukichuma majani ya chini tu, unakula miezi.

Mzee wa Matembele: Sukuma kwa mtoto wa miaka 4? Atasubiri mpaka asahau kama alipanda. Mpe mchicha, wiki tatu nne unang'oa. Mbegu zake ni ndogo sana, changanya na mchanga kwanza, la sivyo atamwaga pakiti nzima sehemu moja. Pembeni chomeka marando ya matembele.

GuniaKE: Matembele nani anakula, mzee?

Mzee wa Matembele: Njoo upikiwe ya nazi, halafu urudi kuuliza.

Baba Nuru: Mnabishana mboga, udongo hamuusemi. Mimi niliuziwa udongo wa kenta na jamaa wa barabarani, mweusi tii, unapendeza. Tukajaza viroba, binti akasia mchicha. Wiki haijaisha vimechomoza vijani vyembamba vinavyong'aa, binti anapiga kelele, "Baba umeota!" Kumbe ndago. Ukivuta, jani linakatika, kule chini kinabaki kinundu kigumu cheusi, keshokutwa kimechipua tena. Tuling'oa mpaka binti akasema bora acheze rede. Mwisho ndago ikatoboa viroba kwa chini. Nampigia yule jamaa, hapatikani. Chekecha udongo kabla ya kulipa, ukiona vinundu mwambie aondoke na kenta yake.

Rahma_tz: Pole. Mama Wawili, swali la maji umeliruka.

Mama Wawili: Kisima. Kina chumvi kidogo, kwenye chai inasikika. Kwa hiyo ngazi nisichukue?

Rahma_tz: Basi panda spinachi, inavumilia chumvi. Maharage na karoti usijisumbue.

Baba Nuru: Jirani anafuga kuku?

Mama Wawili: Wanashinda kwangu!

Baba Nuru: Hapo ngazi ina maana sasa.

Rahma_tz: Ngazi gani? Kuku wa kienyeji analala juu ya mwembe, atashindwa makopo? Nunua wavu. Na mbolea yao usiweke mbichi, inaunguza miche, iache ioze kwanza.

GuniaKE: Mimi ningewafuga hao kuku niachane na mboga.

Mzee wa Matembele: Chotara wanalipa, ila chakula kimepanda.

Baba Nuru: Mkuu, unao? Trei ya mayai unauzaje?