Mjadala: Je, kura peke yake inatosha kumwondoa rais madarakani?

Ndugu zangu, naufungua mjadala huu kwa hoja niliyoisikia hapa Nakuru kutoka kwa mzee mmoja ninayemheshimu sana, tukiwa tumesimama mbele ya meza ya muuza magazeti. Alisema kwamba ukomo wa mihula miwili ni kumdharau mwananchi, kwa kuwa rais akiwa mwema tutamwongeza na akiwa mbaya tutamng'oa wenyewe. Ushahidi wake ulikuwa wa nyumbani: katika chaguzi tatu, 2013, 2017 na 2022, kaunti yetu iliweka gavana mpya kila mara, bila kungoja Katiba imwondoe mtu kwa niaba yetu.

Hoja hiyo ina uzito, nami sikuwa na jibu la papo hapo. Hata hivyo, gavana si amiri jeshi mkuu, wala utawala wake haumfikii mwananchi kupitia chifu na naibu wa chifu kama unavyofanya ule wa rais. Tangu tuwe jamhuri mwaka 1964 hadi uchaguzi wa 2022, hakuna rais wa Kenya aliyegombea akiwa madarakani akashindwa debeni. Jomo Kenyatta alifariki akiwa rais mwaka 1978, ilhali Moi, Kibaki na Uhuru Kenyatta waliondoka kwa sababu Katiba haikuwaruhusu kugombea tena.

Historia ya Moi ndiyo inayonisumbua zaidi. Baada ya kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kufutwa Desemba 1991 na vyama vingi kurejea, Bunge liliweka mwaka 1992 ukomo wa mihula miwili ya miaka mitano mitano, ila miaka 14 aliyokwisha kutawala haikuhesabiwa. Mwaka huo alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura, na mwaka 1997 kwa takriban asilimia 40. Maana yake ni kwamba wapiga kura wapatao sita katika kila kumi walimkataa mara mbili, lakini kwa kuwa kura zao ziligawanyika, mara ya kwanza hasa kati ya Matiba, Kibaki na Oginga Odinga, alibaki Ikulu. Sisi tulioshangilia Desemba 2002 tukidhani tumemwondoa tukumbuke kwamba jina lake halikuwamo katika karatasi ya kura.

Nakubali kwamba Katiba ya 2010 imeziba sehemu ya ufa huo, kwa kuwa sasa mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote. Lakini sharti la namna hiyo lipo Uganda pia. Bunge la huko liliondoa ukomo wa mihula mwaka 2005, likaondoa kikomo cha umri wa miaka 75 mwaka 2017, na ingawa raia huitwa kupiga kura kila baada ya miaka mitano, rais ni yule yule tangu 1986.

Ndiyo maana mswada wa Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, uliopendekeza mwaka 2024 kurefusha muhula wa rais kutoka miaka mitano hadi saba, ulinitia hofu. Watetezi wanaweza kusema kwamba mihula miwili ingebaki vile vile, lakini miaka 10 ingekuwa 14, na aliyekubali kuongeza minne leo atakosa sababu ya kukataa minne mingine kesho. Wananchi waliupinga vikali, nami naona walifanya vyema. Kifungu cha 255 kinataka jambo la muhula wa rais liamuliwe kwa kura ya maamuzi, na sharti hilo lisiguswe.

Kwa hiyo namwomba mzee wangu, pamoja na wote wanaokubaliana naye, wanijibu swali moja: kama jina la Moi lingekuwa katika karatasi ya kura mwaka 2002, ni nini kinachowafanya waamini kwamba angeshindwa?