Mrejesho: Njia ya kubobea katika tiba ya saratani

Nawashukuru kwa dhati wenzangu mlionijibu nilipouliza, nikiwa daktari wa kawaida katika hospitali moja hapa Kisumu, iwapo ningeweza kuingia moja kwa moja katika mafunzo ya tiba ya saratani.

Nilifuata ushauri wa mwenzetu wa Nakuru aliyeniambia nisijaze fomu yoyote kabla ya kukaa na wanaoifanya kazi hiyo. Basi nikatumia wiki mbili za likizo yangu mjini Eldoret, nikihudhuria kliniki pamoja na vikao ambamo mpasuaji, mwanapatholojia (daktari anayechunguza sampuli za mgonjwa maabarani) na daktari wa mionzi huamua kwa pamoja matibabu ya mgonjwa. Huko ndiko nilikotambua kwamba nilikuwa nimechanganya mambo. Anayetibu kwa dawa husomea kwanza uzamili wa magonjwa ya ndani, ndipo abobee. Naye wa saratani za uzazi hupitia uzamili wa magonjwa ya wanawake, kisha mafunzo ya ubobezi, ambayo Chuo Kikuu cha Moi kinayo. Nimechagua njia hii ya pili, kwa kuwa wengi ninaowapokea wana saratani ya mlango wa kizazi, tena hufika wakiwa wamechelewa.

Ombi la likizo ya masomo yenye mshahara halikufaulu. Barua niliyoiandika kwa kufuata mfano wenu ilikuwa sawa, ila niliiwasilisha baada ya mwaka wa fedha kuanza mwezi Julai, nafasi zikiwa zimekwisha kugawanywa. Nitaomba tena mwakani, mapema zaidi. Anayekusudia njia hii na atangulize barua, safari ifuate.