Mkunazi kwenye kichanga kikavu: nianze na mbegu au mche wa kubebesha?

Kichanga Kitupu:
Habari wakuu. Nina eneo la kichanga kitupu, ukimwaga ndoo ya maji hata unyevu huuoni baada ya muda mfupi. Mikunazi pori inaota yenyewe pembeni na inazaa, ila kunazi zake ni ndogo, kokwa ndiyo imejaa. Nataka ya kunazi kubwa. Ninunue miche iliyobebeshwa (iliyoungwa kijicho cha mti wa kunazi kubwa) au nisie kokwa? Na kumwagilia itabidi niendelee hadi lini?

Mzee wa Miiba:
Ndugu, fanya vyote viwili, ila kwa mpangilio. Sia kokwa za hiyo hiyo ya pori palepale unapotaka mti ukae, ubebeshaji uje baadaye mti ukiwa shambani.

Nguvu ya mkunazi iko kwenye mzizi mkuu. Unashuka upesi kufuata unyevu wa chini, ndiyo maana juu kila kitu kimekauka na wenyewe bado una majani. Mche uliokaa sana kwenye kiriba (mfuko wa kuoteshea) kifupi mzizi wake umejikunja, na kichangani mzizi uliojikunja ni taabu tupu. Ukilazimika kununua mche, chagua kiriba kirefu na mche mdogo. Usivutiwe na urefu wa juu.

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, rudishia kichanga ukichanganya na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi iache. Sia kokwa mbili tatu, baadaye bakiza mche wenye afya. Tandaza nyasi kavu kuzunguka shina lakini zisiliguse, mchwa wanapenda sana hapo. Maji mwagilia mengi kwa mara moja, kisha uache siku kadhaa. Ukinyunyiza kidogo kidogo kila jioni unaifundisha mizizi ikae juu, na jua la kichangani hulijui wewe! Ukipita kiangazi cha kwanza salama, punguza. Wengi huacha kabisa baada ya cha pili.

Shina likinenepa kama penseli, bebesha kijicho (chipukizi changa) kutoka mti wa kunazi kubwa. Chochote kinachochipua chini ya kiungo, pale ulipobebesha, kata bila huruma, hilo ni pori linarudi.

Dada wa Kitalu:
Mzee kasema kweli, naongeza kuhusu kokwa maana watu husubiri mpaka wanakata tamaa. Zitumbukize kwenye maji, zinazoelea tupa. Zilizozama zipasue taratibu kwa nyundo utoe mbegu ya ndani bila kuijeruhi. Mbegu iliyotolewa huota kwa takriban wiki moja. Kokwa nzima inaweza kukuchukua wiki tatu, nne, au zaidi.

Na usipande kivulini. Mkunazi unataka jua la kutosha, kivulini unarefuka tu.

Kichanga Kitupu:
Asanteni sana. Mbuzi je? Na mti mmoja wa kubebesha unatosha kuzaa?

Mzee wa Miiba:
Mbuzi anakula majani ya mkunazi kama amewekewa yeye, miiba haimzuii. Zungushia mche matawi makavu ya miiba hadi umpite kimo.

Mti mmoja ni bahati nasibu. Aina nyingi zilizoboreshwa hazijichavushi vizuri zenyewe, kwa hiyo weka aina mbili tofauti zinazotoa maua wakati mmoja. Acha mita 6 hivi kati ya mti na mti.

Halafu kupogoa, hapo ndipo wengi huogopa. Maua hutoka kwenye matawi mapya ya msimu huo, kwa hiyo baada ya mavuno, mti ukiwa umepukutisha majani, kata sana. Jirani atakuonea huruma. Mvua ikirudi utachipua kwa fujo.

Kunazi zilizoanguka okota zote, hasa zenye funza. Funza hao huingia ardhini na kugeuka nzi wa matunda, na msimu ujao unawakuta tena.