Wana na Wajukuu wa Bibi 🐸

Shangazi Zena 19:02
Jamani nakumbusha mara ya tatu. Jumamosi Rehema anatufanyia mazoezi ya mada yake ya yule amfibia kabla hajasimama chuoni Jumatatu. Wote tunaingia Zoom. Naomba majina hapa hapa

Shangazi Zena 19:40
Naona mmesoma mmekaa kimya

Juma 19:41
mnyama kafa miaka milioni 270 iliyopita shangazi, haraka ya nini 😂😂

Mwanaidi 19:41
😂😂😂

Shangazi Zena 19:43
Juma sijakuuliza wewe. Rehema waeleze wenyewe

Rehema 19:58
Shikamooni. Anaitwa Kermitops gratus, si chura kamili ila yupo karibu na ukoo walikotoka vyura. Fuvu aliliokota Nicholas Hotton, mtafiti wa makumbusho ya Smithsonian ya Marekani, akiwa Texas 1984, likawekwa hapo makumbusho na visukuku vingine kibao, mpaka Calvin So na wenzake walipokaa chini wakalichunguza, wakalitangaza 2024 kuwa ni aina mpya. Kafuvu kenyewe sentimita 3 hivi! Jina ni la Kermit yule chura wa vikaragosi maana fuvu limepondeka kidogo linaonekana kama linacheka, na gratus ni shukrani kwa Hotton na timu yake, mwenyewe alishafariki

Juma 20:01
miaka 40 kwenye droo. kumbe mafuvu yakitunzwa yanakuja kuwa na maana, eti mjomba Hamisi 👀

Mwanaidi 20:01
Juma weeee

Mjomba Hamisi 20:15
Mmeanza. Lile boksi lilikuwa linanuka

Rehema 20:16
Halikunuka mjomba, yote nilichemsha nikaanika

Shangazi Zena 20:17
Tusitoke kwenye mada!! Jmosi saa mbili. Nani ana kompyuta ya kumwekea Bibi?

Baba Sele 22:36
Samahanini ndo natoka kazini. Hivi walijuaje ni mpya na ni fuvu tu? Si anaweza kuwa mtoto wa aina nyingine wanayoijua

Rehema 22:44
Ba'mdogo hapo ndo penyewe. Wale wanyama wakiwa wadogo macho huwa makubwa na pua fupi, wakikua uso unabadilika, kwa hiyo ukitazama kitu kimoja unadanganyika. Unafuata mfupa kwa mfupa, mishono inayounganisha mifupa inapita wapi, matundu ya macho yana umbo gani, halafu unalinganisha na mafuvu mengine yote ya jamaa zake. Huyu pua imerefuka alafu nyuma ya macho kafupi sana, mchanganyiko huo hawakuukuta kwa mwingine

Juma 22:46
pua ndefu kisogo hakuna. kuna mtu humu namuona kabisa

Mwanaidi 22:46
😂😂 nazima simu

Bibi 06:10
Hamisi. Mtoto alilia siku tatu, hukumwambia pole mpaka leo. Jumamosi utakuwepo na utasikiliza mpaka mwisho.
(Bibi kaniambia niandike hivyo hivyo - Sele)

Shangazi Zena 09:30
Haya.

Mjomba Hamisi 13:52
Sawa mama, nitakuwepo. Rehema mwanangu, lile boksi tutaongea.

Mjomba Hamisi 13:53
Hiyo saa mbili ni asubuhi au usiku

Shangazi Zena 13:53
USIKU. Na kompyuta ya Bibi bado sijajibiwa

Baba Sele 17:20
Usiku mie nipo zamu

Mwanaidi 17:41
kwani si tulisema jpili?