Nyota baridi: tununue darubini au tutumie data za bure?

Hoja: Uganda ikitenga fedha kidogo za umma kwa elimu ya nyota, zinunue darubini ndogo ya kupima vibete vyekundu, yaani nyota ndogo za baridi zenye mwanga mwekundu hafifu, au zilipie kompyuta na wachambuzi wa data za setelaiti zinazopatikana bure?

Mchambuzi, Gulu
Niko upande wa data. Setelaiti ya TESS, inayopima mwanga wa nyota, ilirushwa Aprili 2018 na yeyote hupakua vipimo vyake bila kulipa. Kabla yake darubini ya angani Kepler ilikodolea macho eneo moja la anga kwa miaka 4, na humo watafiti wakapata muda wa kujizungusha wa nyota zaidi ya 34,000. Doa kubwa la giza juu ya nyota likigeukia upande wetu, mwanga hupungua asilimia 1 au 2, likizama mwanga hurudi. Bonde hilo likijirudia kila siku 4.86, kama kwa kibete chekundu AU Mic, umeshajua kasi ya nyota kujizungusha. Hesabu hiyo laptopu ya kawaida inaiweza. Shilingi ya kwanza iende kwa watu, si kwa vioo.

Fundi darubini, Mbarara
Ndugu wa Gulu, umezungumzia kujizungusha tu. Neno letu "mzunguko" linabeba mambo mawili, na hapo ndipo mjadala huu hupotea njia. Kujizungusha huhesabiwa kwa siku. Duru ya usumaku, yaani madoa kuongezeka na kupungua, huhesabiwa kwa miaka. Jua hujizungusha kwa siku 25 hivi kwenye ikweta yake, lakini duru yake ni miaka 11. Proxima Centauri, kibete chekundu kilicho jirani zaidi na Jua, hujizungusha kwa siku 83 hadi 90, na duru yake imekadiriwa kuwa miaka 7. TESS hutazama kipande kimoja cha anga siku 27, kisha huhama. Utapimaje siku 83 kwa kamba ya siku 27? Hata ukiunga vipande, programu inayosafisha data hufuta mabadiliko ya polepole, kwa sababu haiwezi kutenganisha doa la nyota na joto la kamera linalopanda na kushuka. Nyota ya polepole hutoka humo imenyooka kama shati lililopigwa pasi, na mtu anaandika kwamba ni tulivu.

Tena pikseli moja ya TESS ina upana wa sekunde 21 za tao (nyuzi moja ya anga ina sekunde 3,600 za tao). Kwenye ukanda wa Njia ya Maziwa inabeba nyota kadhaa, na unaweza kuandika muda wa jirani ukidhani ni wa nyota yako.

Mwalimu wa fizikia, Soroti
Hata data ndefu hudanganya. Nyota yenye makundi 2 ya madoa, kila moja upande wake, hufifia mara 2 katika kila zamu. Hesabu itakupa nusu ya muda wa kweli. Tiba ni kukunja vipimo, yaani kupanga zamu zote moja juu ya nyingine, kwa muda uliopata, kisha kwa mara 2 yake, na kulinganisha mabonde: ya witiri yakiwa na kina kuliko ya shufwa, muda mrefu ndio wa kweli. Kosa hili si dogo. Mwanaastronomia Skumanich alionyesha mwaka 1972 kwamba kasi ya kujizungusha ya nyota za aina ya Jua hupungua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha umri. Ukikosea muda kwa nusu, umri unaukosea mara 4.

Mkaguzi, Kampala
Mimi nauliza nani atakaa miaka yote hiyo kupima. Mwanaastronomia Olin Wilson alianza kupima mistari ya kalsiamu kwenye mwanga wa nyota, inayoonyesha nguvu ya usumaku wake, katika kituo cha Mount Wilson, Marekani, mwaka 1966, na kazi ile iliendelea hadi 2003. Ndiyo iliyotufundisha kwamba nyota nyingine zina duru kama ya Jua. Bajeti zetu za miradi ni za miaka 3. Tena kuna ASAS-SN, kamera za ardhini zenye data za bure za miaka mingi, na kituo chake kimoja kiko Sutherland, Afrika Kusini. Usiku wao wa manane unatofautiana na wetu kwa chini ya saa 1. Pengo gani tunaliziba?

Fundi darubini, Mbarara
Swali zuri, ssebo, na jibu lipo kwenye ung'avu. Kamera za ASAS-SN hujaa mwanga, zikashindwa kupima, nyota ikifika daraja la 10 au 11 hivi la ung'avu (namba ndogo ni nyota angavu zaidi). Nyota ya Barnard, kibete chekundu kingine, ni ya daraja la 9.5, AU Mic ni ya 8.6. Vibete vyekundu vya karibu, vile ambavyo kila mtu anataka kujua usumaku wake, ndivyo vinavyowashinda. Darubini yenye kioo cha sentimita 25 na kichujio cha V, kinachopitisha mwanga wa kijani na njano, inavimudu.

Lakini nyota tuchague kwa mvua zetu. Proxima hupita juu usiku wa manane mwishoni mwa Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, na haipandi zaidi ya nyuzi 28 hapa Mbarara. Tuiache. Nyota ya Barnard hupita karibu na utosi, yaani juu kabisa ya kichwa, mwezi Juni, kiangazi. Kibete kingine, YZ CMi, hupita juu Januari, kiangazi pia. Hizo mbili zinatosha kuanzia.

Nyota ya Barnard ina mtego wake: huhama sekunde 10.4 za tao kwa mwaka. Anayeweka leo duara la kupimia mahali nyota ilipokuwa mwaka 2000 atakuwa amekosea zaidi ya dakika 4 za tao, na atapima anga tupu. Mtego wa pili ni rangi. Nyota za kulinganishia kwa kawaida ni za buluu kuliko kibete chekundu, na hewa hunyonya buluu zaidi nyota ikiwa chini, kwa hiyo kibete huonekana "kikiongezeka" mwanga kadiri kinavyozama. Chagua za kulinganishia zenye wekundu wa karibu, acha vipimo vya chini ya nyuzi 30, na usizibadilishe nyota hizo hata mwaka wa 10. Kichujio nacho kisibadilishwe. Ukibadilisha kimoja, umekata duru katikati.

Mwalimu wa fizikia, Soroti
Kuvu kwenye lenzi na radi ndivyo vitakavyoiua kabla ya bajeti. Sanduku lenye silika jeli inayokaushwa upya, na nyaya zote zichomolewe mvua ikinguruma. Swichi peke yake haitoshi. Umeme wa radi hupita hata kwenye waya wa intaneti.

Mchambuzi, Gulu
Nimesogea kidogo. Nakubali darubini kwa sharti kwamba mshahara wa mpimaji uandikwe kabla ya bei ya kioo, na kila kipimo kiwekwe wazi mwezi huohuo.

Mkaguzi, Kampala
Mimi bado. Tumieni kwanza darubini ya kuazima, Januari moja tu, juu ya YZ CMi. Muda wake wa kujizungusha unajulikana: siku 2.77.

Fundi darubini, Mbarara
Nimekubali jaribio hilo. Lakini mpimaji asipime mara 1 kwa usiku. Kwa kipimo kimoja kila baada ya saa 24, siku 2.77 hujigeuza siku 1.56 kwenye hesabu, na zote mbili zinaonekana sawa kabisa. Apime saa 3 usiku na tena saa 8, angalau usiku 15, na afute vipimo vya milipuko, maana nyota ile hulipuka mara kwa mara. Akirudi na 1.56, tusinunue kitu.